Kadi ya Picha na Barua ya Mama Yake

Miaka ile Warundi walipokuwa wakikimbia kwao na kuvuka ziwa kwa maboti kila siku, nilikuwa na kibanda cha kuchapa barua upande wetu wa ziwa, pale mtaa wa Kasingirima. Kompyuta yangu ilikuwa moja tu, ya mtumba. Nilipoanza kuhariri video za harusi niliibadilishia kadi ya picha, ile inayopeleka picha kwenye skrini, nikaweka kubwa zaidi, nayo mtumba. Tangu siku hiyo feni zilizunguka, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Siku tatu nilihangaika. Nilihamisha waya huku na huku, nikaazima skrini ya jirani. Fundi wa Bangwe aliitazama dakika tano akasema mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, imekufa. Nikamshukuru, nikakaa. Hata kukasirika nilishindwa.

Asubuhi ya siku ya nne akaingia mwanamke mwembamba, rika langu, ameshika karatasi ya kibali cha kutoka kambini.

"Dada, nataka kuchapiwa barua."

"Kompyuta mbovu. Jaribu Ujiji."

"Natoka huko, hawana umeme. Na kibali kinaisha leo saa kumi."

Barua aliiandika kwa mkono, maofisa wa kambi wakamrudishia, wakitaka iliyochapwa. Aliomba mama yake, waliyepotezana naye siku ya kuvuka ziwa na ambaye aliandikishwa kambi nyingine, aletwe wakae pamoja.

"Ina shida gani?" akauliza, akiinamia kompyuta. Nikamweleza kwa kifupi, kama mgonjwa anayejieleza kwa daktari wa kumi.

"Kwetu nilikuwa natunza kompyuta za shule," akasema. "Nipe bisibisi."

Alifungua taratibu, akijisemea "buhoro, buhoro," kwa Kirundi. Kisha akanionyesha tundu tupu pembeni mwa kadi.

"Hii inataka umeme wake peke yake. Waya wake uko wapi?"

Tukautafuta. Pawa saplai yangu ya bei rahisi, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kompyuta, haikuwa nao.

"Basi mazabodi haijafa. Ile kadi ya zamani uliitupa?"

Ilikuwa kwenye kopo la biskuti. Akayasugua meno ya shaba ya ile kadi kwa kifutio cha penseli, akaichomeka. Tukawasha. Nyeusi. Nikaona bora nilale palepale sakafuni. Yeye akazunguka nyuma, akaufuata waya kwa kidole.

"Dada, waya wa skrini umeuchomeka kwenye mazabodi. Uchomeke kwenye kadi."

Skrini ikawaka. Machozi yakanitoka, ya uchovu tu. Yeye hakushangilia.

"Andika sasa."

Nikachapa hadi kwenye umri wa mama.

"Weka sabini."

"Una hakika?"

"Kila mwaka alikuwa anasema sabini."

Tukacheka kidogo, wote wawili. Akatia sahihi, akaikunja barua, akaondoka mbio kuwahi gari la kambini. Zile video za harusi niliwarudishia wenyewe. Kadi ya zamani isingeziweza.

Miezi ilipita kabla hajarudi na kibali kingine, safari hii cha kwenda hospitali. Nikamuuliza habari za mama.

"Walimleta," akasema. "Lakini ananiita kwa jina la dada yangu. Yule aliyekufa."

Nikamsogezea benchi. Akakaa, akaegemea ukuta, akaomba maji ya kunywa.