Stadi ya ekzosi ilikatikia kwenye injini, watani zangu wakaja kuizika pikipiki

Wakuu, heshima kwenu. Na nyie wadogo, marahaba kabla hamjaniamkia.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja humu, stadi ya ekzosi imemkatikia kwenye pikipiki yake. Karibu kila mchangiaji anamwambia anunue silinda hedi nyingine, yaani kichwa kizima cha injini.

Nimekasirika, siwafichi. Haya ninayoeleza yalinikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa. Asiyeamini ruksa apite.

Ilikuwa Kisarawe, mwanzoni mwa miaka ya themanini, ile miaka ya kupanga foleni ya sabuni. Mimi ni Mnyamwezi, binti wa mrina asali, na nilikuwa bibi shamba kwenye vijiji vya ujamaa huko. Kazi yenyewe mikorosho na mihogo. Serikali ilinipa pikipiki, na wanawake wenye pikipiki wakati ule ulikuwa unawatafuta kwa tochi.

Mkubwa wangu wa kazi hakuipenda hali hiyo hata kidogo. Alishasema mbele za watu kwamba mwanamke kazi yake ofisini, na kwamba bwana shamba wa Magindu, aliyekuwa anatembea kwa miguu, ndiye anayestahili kuipanda. Alikuwa anasubiri sababu tu.

Sababu ikajileta yenyewe.

Masika ile malaria ilinilaza. Wazee wa serikali ya kijiji, kwa nia njema kabisa, wakaifungia pikipiki ghalani isiibwe. Sasa ghala hilohilo ndilo lilikuwa na magunia ya chumvi ya duka la kijiji. Na mnajua chumvi ikishika unyevu inavyotoa jasho.

Nilipopona nikakuta zile stadi mbili, yaani vyuma vyenye nyuzi vinavyobana bomba la moshi kwenye injini, zimeliwa na kutu. Bomba linacheza, moshi unavuja, pikipiki inanguruma kama mashine ya kusaga.

Habari zikamfikia mkubwa. Akatuma ujumbe kwamba Jumatatu anakuja. Asipoikuta nzima, pikipiki inakwenda Magindu na mimi nakwenda kukaa mezani.

Nikamleta fundi kutoka Tangini, pale Kibaha. Jamaa kaja na haraka zake. Hakuweka mafuta, hakupasha moto. Kaitia spana, kaongeza bomba refu kwenye mpini, kavuta kwa nguvu zote. Tak! Stadi moja ikakatika, kikabaki kipande kifupi kimetokeza.

"Dada, hapa mpaka Dar wakaitoboe kwa mashine," akasema huku anakusanya vyombo vyake. "Kama huwezi, kubali tu yaishe."

Nilimjibu vibaya, na hadi leo sijutii.

Jumapili asubuhi nikasikia kilio nje. Kilio cha msiba kabisa, wakuu!

Wasiojua, Wanyamwezi na Wazaramo ni watani, na mtani ana ruhusa ya kukufanyia mambo ambayo mtu mwingine ungempeleka barazani. Kutoka nje namkuta jirani yangu Bi Mwanahawa, mama wa makamo mwenye sauti ya kusikika kijiji cha pili, anaongoza kundi la wanawake. Wana jembe. Wameifunika pikipiki yangu gunia kama sanda.

"Mnyamwezi wee! Maiti hailazwi! Tumekuja kuzika."

"Shikamoo, mtani. Bado haijafa."

"Marahaba. Haijafa na haipumui? Toa ubani wetu tuchimbe!"

Nikacheka. Halafu machozi yakanitoka palepale, mbele yao wote. Nikawaambia kwamba kesho wanakuja kuichukua, na mimi wananitoa kijijini.

Bi Mwanahawa akalivuta lile gunia, akaifunua pikipiki.

"Wakutoe waniletee nani?" akauliza. "Mimi Mnyamwezi wangu wa kumtukana nimeshampata. Simwachii mtu! Sema unataka nini."

Nikasema nataka mkaa.

Kwetu, baba alikuwa na kinu cha chuma cha kukamulia asali. Skrubu zake zikiganda kwa kutu, alikuwa anazipasha moto halafu anazigusisha nta. Mafuta ya taa kuyapata ilikuwa shughuli, lakini nta sikukosa, nyumbani walinitumia bonge la kupaka miguu iliyopasuka.

Kwanza nikalitoa tangi la petroli nikalipeleka mbali, kwa jirani. Hili lishikeni sana, msije mkaungua halafu mkanitaja mimi.

Nikatia vipande vya nondo kwenye jiko. Bi Mwanahawa akakamata kipepeo, anapepea mkaa huku ananitukana mimi na ukoo wangu wote. Nondo ikiiva nyekundu, naigandamiza kwenye kile kipande cha stadi mpaka kipate moto sawasawa. Naitoa, nagusisha nta. Nta inayeyuka na kuzama yenyewe ndani ya nyuzi. Naacha ipoe. Narudia.

Adhuhuri ikapita, narudia tu. Wengine wakaenda kupika, wakarudi.

Kisha nikachukua tupa, nikakichonga kile kipande pande mbili mpaka spana ndogo ikapata pa kushika. Hapo ndipo wengi mnapoharibu. Usivute kama fundi wa Tangini! Sukuma kidogo kukaza, rudisha kidogo kulegeza. Ikigoma, rudi kwenye moto.

Ikagoma. Nikarudi kwenye moto. Ikagoma tena.

Halafu ikalia. Kasauti kembamba, kii, na spana ikasogea. Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika.

Nilikitoa chote, na nyuzi za ndani zilikuwa nzima. Ile stadi ya pili nayo niliipa nta na moto, ikatoka bila ubishi. Nikamkabidhi Bi Mwanahawa kile kipande cha kutu.

"Maiti hii hapa, mtani. Kazikeni."

Wakakizika kweli, nyuma ya ghala, kwa vilio. Na bado akadai ubani.

Stadi mpya sikuwa nayo. Nikang'oa bolti ya kibati cha namba, bahati nyuzi zake zililingana, nikaikata kwa msumeno na kuikaza mahali pa iliyokatika; ile ya pili nikaisugua kutu nikairudisha. Gasketi ya kuziba moshi nikaikata kwenye bati la kopo. Kibati nikakifunga kwa waya.

Jumatatu mkubwa akaja kwa lifti ya lori pamoja na yule bwana shamba wa Magindu. Nikapiga kiki moja tu, ikawaka, inaunguruma taratibu. Kijiji kizima kimesimama kinatazama.

Akaizunguka, akainama.

"Mbona namba imefungwa kwa waya?"

"Bolti yake nimeipangia kazi nyingine, mzee."

Bwana shamba wa Magindu akacheka, mwenzangu huyo hakuwa na ubaya wowote. Mkubwa akaanza kusema agizo ni agizo. Nikamwuliza, mbele ya watu wote, leo unaichukua kwa sababu gani? Akageuka kulitafuta lori.

Na lori lilikuwa limeshaondoka. Nikamwambia apande nyuma nimfikishe ofisini. Tulipita vijiji vyote vya njiani mchana kweupe, yeye amenishika mabega, mimi nimekamata usukani. Mezani sikwenda tena, niliipanda pikipiki ile mpaka ilipochakaa.

Nilichojifunza: chuma kilichoganda kinataka moto, kitu cha kulainisha na subira, nguvu ije mwisho. Na mtu asikuamulie kwamba kitu chako kimekufa wakati hajakigusa.

Haya, uwanja wenu. Mafundi nirekebisheni nilipokosea, nitasoma yote. Ila atakayeniandikia hapa kwamba hiyo ni kazi ya wanaume, aje na spana yake, mimi nipo.