Nilikuwa mdakaji wa baseball Ifakara, nikapewa umeneja, mechi yangu ya kwanza nikaifuatilia kwa simu nikiwa shambani kwa mama wa watu

Wakuu, heshima kwenu nyote, wakubwa shikamooni.

Hiki ninachosimulia kimenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Nimebadilisha majina tu, maana wahusika wako humu na wengine wana hasira za karibu.

Najua kuna mtu ameshaguna, "baseball Ifakara?" Ndiyo mkuu, Ifakara. Tunachezea uwanja mmoja kule Viwanja Sitini. Asubuhi wa mpira wa miguu, mchana sisi, jioni mbuzi.

Mimi nilikuwa catcher kwa miaka tisa. Kwa wasiojua, huyo ndiye anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kavaa kinyago cha chuma, anadaka kila kinachorushwa. Mpigaji akikosa, mpira ni wako. Fimbo ikiponyoka, nayo ni yako.

Nina vidole viwili vimepinda hadi leo. Nikimpungia mtu mkono anadhani namwonyesha njia.

Ila kazi ya catcher ina raha yake. Wewe ndiye unayempa mrushaji ishara, unaficha vidole katikati ya magoti: rusha chini, rusha juu, rusha pembeni. Mrushaji anaonekana shujaa, kumbe akili yote iko kwako umechuchumaa kama mtu yuko chooni.

Mrushaji wetu anaitwa Deo. Kijana mpole, mkono wake ni balaa. Miaka minne hajawahi kurusha mpira bila kuangalia kidole changu. Timu nzima ni yeye. Bila Deo sisi ni kundi la watu wenye kofia.

Sasa goti langu likagoma, na wakati huohuo meneja wetu, mwalimu, akahamishwa kikazi. Kikao kikanipa mimi umeneja. Kudaka nikamwachia kapteni, Masanja, kijana wa Kisukuma aliyekulia kwenye ng'ombe. Mpira ukimpiga kifuani anaupapasa kwa huruma.

Wakuu, nilivimba. Nilinunua filimbi, nikanunua na daftari.

Siku hiyohiyo nikampigia meneja wa timu ya Mlimba tucheze. Mlimba hatujawahi kuwafunga. Nikamtajia Jumamosi moja mwishoni mwa Mei, mvua zimekatika, uwanja umekauka. Akakubali haraka mno, tena akacheka kidogo. Nikajiambia, huyu ananiogopa.

Wale wanaolijua bonde letu la Kilombero wameshaona kosa langu.

Mwezi wa tano mpunga umejaza, kwelea wanashuka kama mtu kamwaga pilipili manga angani. Nusu ya mji inahamia mashambani kuamia ndege. Kila familia ina dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti, mnakaa humo tangu alfajiri mnapiga makopo na kurusha udongo kwa kombeo. Mimi mtoto wa hapahapa nimesahau! Nauza spea za pikipiki mjini, mchele nanunua dukani kama mgeni.

Na wale wa Mlimba? Kikosi chao nusu wanafanya kazi za reli, nusu wanapasua mbao kule Uchindile. Ndege hawawahusu. Ndiyo maana jamaa alicheka.

Wiki nzima nikazunguka mashambani kuwaombea wachezaji ruhusa kwa mama zao. Wanane walipata kaka na dada wa kuwashikia zamu. Akabaki Deo. Dada zake wameolewa mbali, na Jumamosi hiyo mama yake ana kipaimara cha mjukuu wa dada yake mjini.

Nikavuka mto, nikatembea kwenye tope, nikamkuta Mama Deo juu ya dungu na kombeo mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kumchukua Deo."

Sikuwa hata nimefungua mdomo, wakuu.

"Ni Jumamosi moja tu, mama."

"Na hawa ndege nimwachie nani? Wewe?"

Mimi na kiherehere changu nikasema ndiyo. Yaani neno lilitoka lenyewe.

Akanitazama kuanzia viatu hadi filimbi. "Sawa. Uamie wewe mwenyewe, usiniletee mtu. Ila nikirudi nikute wameushukia mpunga wangu, Deo huo mchezo wenu wa kudaka kama kuku haugusi tena. Tumeelewana mwanangu?"

Tukaelewana. Huo mpunga ndio chakula chao na ndio ada ya Deo ya chuo, sikuwa na la kubisha.

Jumamosi ikafika. Timu yangu iko Viwanja Sitini imevaa jezi, watu wamejaa, wageni wameshuka na treni. Meneja niko ng'ambo ya mto nawafokea ndege.

Mtandao shamba lile hakuna, isipokuwa juu ya kichuguu kimoja mwisho kabisa wa shamba, mbali na dungu. Nikaining'iniza simu kwenye kijiti pale juu ya kichuguu, mlio nimeufungua wote. Ikiita nashuka dungu, nakimbia na goti langu bovu, naongea, narudi mbio.

Masanja naye, Mungu amsaidie, kutangaza mpira hajui.

"Meneja, mpira umepigwa."

"Umeenda wapi?"

"Umeenda."

"Masanja! Umeenda wapi?"

"Sasa meneja, mimi niko hapa, nitajuaje ulikoenda?"

Nikarudi dunguni nikitukana kimoyomoyo. Kelele zangu kwa ndege siku ile zilikuwa na uchungu wa kweli.

Saa kumi akapiga tena, anahema. Tunaongoza tano kwa nne, sisi tumemaliza zamu zetu za kupiga, wageni wamebakiza moja. Nikaruka juu kama mtoto. Nikahesabu orodha yao kichwani: katika zamu ile lazima lije kupiga lile jitu lao la kupasua mbao. Yule bwana anabeba ubao wa muninga kama mtu kabeba mkeka. Nimemdakia mipira miaka mingi, namjua. Mpira wa juu anaupeleka mkoa mwingine, wa chini haoni kitu. Nikasema Masanja akipiga tena namwambia neno moja tu, chini.

Nimerudi dunguni sijakaa vizuri, simu ikaita.

Nikashuka. Nimefika katikati ya shamba, nikasikia ule mvumo. Nageuka, wingu la kwelea linashuka upande wa mto. Si kumi wala mia. Mpunga ulikuwa unainama.

Simu inaita mbele, ndege wanakula nyuma.

Wakuu, nilisimama pale tope hadi kwenye vigimbi, nikatamani kulia. Ushindi wa kwanza dhidi ya Mlimba uko juu ya kichuguu unalia kriii kriii. Miaka tisa nimechuchumaa kwa ajili ya mpira mmoja kama ule. Na kufika pale, kuongea na kurudi ni dakika nne. Kwelea ukiwapa dakika nne unavuna majani.

Nikageuka nikawafuata ndege.

Nilipiga kopo, nikarusha udongo, nikavua shati nikalizungusha, nikapuliza ile filimbi ya umeneja hadi kizunguzungu. Simu ikakatika, ikaita, ikakatika. Ndege wakahamia kona ya pili, nami nyuma yao. Mpaka wanaondoka nilikuwa na tope hadi masikioni.

Nikaenda kwenye simu. Imeita mara sita. Nikapiga.

"Masanja, vipi?"

"Imekwisha."

"Tumeshinda?"

"Mpira bado unatafutwa, meneja. Umeingia kwenye mahindi ya watu."

Sita kwa tano, wao juu: mwenzao mmoja alikuwa tayari njiani, lile jitu likapiga, wakaingia wote wawili. Nilikaa chini palepale, na sisemi uongo, machozi yalinitoka.

Jioni Mama Deo akarudi na kitenge cha sherehe. Hakuuliza habari za mechi. Akazunguka shamba lote, mimi nyuma yake kama mwanafunzi anayesubiri kusahihishiwa. Akafika ile kona ya mto.

"Hapa wamekula."

Nikaanza kutafuta maneno ya kumwombea Deo.

"Kona hii kila mwaka wanakula, hata nikiwepo mimi. Haya, nenda ukaoge mwanangu, unatisha."

Kwenye kundi la WhatsApp sasa, matusi. "Meneja gani hapokei simu?" "Arudishe daftari." Jumatatu kikao kikaitishwa, ajenda ni mimi. Kila mtu alisema lake. Masanja akasema aliomba dakika mbili kwa refa ili anipigie, hadi refa akachoka. Sikujitetea. Nilijua kweli nimewapotezea mechi.

Akasimama Deo, ambaye kwenye vikao huwa hasemi.

"Hata angepokea, angesema chini. Nani hapa hajui kwamba angesema chini? Miaka minne naambiwa chini. Nilirusha juu kwa sababu hakuwepo. Nilitaka nijue juu kukoje."

Nikamuuliza, "Na umejua?"

"Nimejua, kaka."

Kikao kizima kikapasuka kwa kicheko. Mimi nilitaka kumkaba, siku mbili silali kwa ajili yake! Nikajikuta nacheka kuliko wote. Wacha nikiri, nilifurahi kwamba alithubutu.

Deo akaniinamia sikioni, "Halafu mama anauliza kama Jumamosi ijayo una nafasi. Anasema kelele zako ndege wanazielewa."

Nimebaki na umeneja, wakuu. Nilichojifunza ni kwamba nilipokuwa catcher niliwaza mpira unaokuja tu. Sasa nawaza kama huyo mrushaji atakuwepo wiki ijayo, na hilo haliamuliwi uwanjani, linaamuliwa na mama yake.

Mliowahi kuongoza timu za huku mashambani, kwaya, ngoma, chochote kile, hebu tuambieni mliwapataje watu msimu wa ndege. Na wa Mlimba mliomo humu, mpira wetu haujapatikana hadi leo, mkiuona kwenye mabegi yenu turudishieni, tunao huo mmoja tu.