Koti la Vukadin

Stamenka alikuwa mwanamke wa nyuki na wa maneno machache. Tangu mumewe Vukadin afariki aliishi kwa asali tu, mizinga yake imepangwa nyuma ya nyumba, ng'ambo ya ua wa shamba letu la plamu. Mimi nilikuwa jirani yake na shoga yake. Mume wangu Radisav ana trekta, ana pampu ya dawa, na kichwa chake ni kigumu kuliko hiyo trekta.

Asubuhi ya sikukuu ya Yohane Mtakatifu wanawake wa kwetu hutoka na umande kuchuma maua ya njano, wakasokota shada na kulitundika langoni, likae hapo mpaka mwaka ujao. Stamenka naye alitundika lake. Jua lilipopanda, shada halikuonekana tena kwa wingi wa nondo. Nondo wa kahawia walilifunika, mabawa yakitetemeka, wakipandiana, wakianguka na kurudi.

Radisav alipowaona alibadilika rangi. Mwaka uliopita viwavi wa nondo hao walikuwa wameila mialoni ya kijiji jirani ikabaki matawi matupu, kisha wakaingia kwenye plamu za watu.

"Shemeji, balaa imeanzia langoni kwako," akamwambia. "Leo hii napuliza dawa. Plamu, mialoni, na uani kwako pia."

"Ukipuliza sasa hivi utaniulia nyuki. Wote wako nje kwenye maua."

"Wafungie ndani."

"Kwa joto hili? Watakufa humo humo. Nikiwapoteza hao nitakula nini, shemeji?"

"Na plamu zikiliwa mimi nitakula nini?"

"Radisav," nikamkemea, "leo ni sikukuu."

"Viwavi hawana sikukuu, mke wangu." Akaenda zake kuchanganya dawa. Nilitamani kumpiga kwa ufagio.

Stamenka alisogea langoni, akainama. "Shoga, njoo uangalie. Unaona jike hapa?"

Sikuona. Vukadin alikuwa akiwatundikia watu wa idara ya misitu mitego ya nondo kwenye mialoni, kila mtego na kipande cha mpira kilichotiwa harufu ya jike, na alikuwa ametufundisha hata tusiotaka kufundishwa. Jike ni mweupe, mnene, haruki. Hukaa kwenye gome akatoa harufu yake, basi. Dume huinasa kutoka mbali kwa papasi zake za kichwani zilizochanika kama unyoya, akaifuata kinyume na upepo. Ikimpotea, huyumba kushoto na kulia mpaka aipate tena. Pale langoni wote walikuwa madume.

"Wachumba watupu," nikasema, nikitaka kumchekesha.

Hakucheka. "Kama jike hayupo, wanamfuata nani?"

Ndipo tukasikia kitu kikigonga kioo. Nondo wengine walikuwa wakijibamiza kwenye dirisha la chumba chake. Ndani, kwenye msumari, lilining'inia koti la Vukadin, lile alilolivaa miaka yote ya mitego. Alfajiri Stamenka alikuwa amelivaa kwa sababu ya baridi, na maua akayabeba humo kifuani. Koti hilo hakuna aliyeruhusiwa kuligusa. Mara moja nilijitolea kulifua, akaninunia mpaka Jumapili.

Trekta ikaingia njiani. Stamenka akakimbilia ndani, akatoka na koti, akasimama mbele ya magurudumu.

"Zima."

"Toka njiani, shemeji. Sina utani."

"Zima uangalie. Ukishaangalia, fanya utakalo."

Alikwenda kwenye mti wa peasi, upande upepo ulikotokea, akalitundika koti kwenye tawi. Hakuna kilichotokea. Radisav alinitazama, mkono uko kwenye pampu. Kisha nondo mmoja akaliacha shada. Akayumba kushoto, akayumba kulia, akapotea kidogo, akarudi kwenye mkondo wa harufu, akafika kwenye kola. Wa pili akamfuata. Baada ya hapo hawakuhesabika.

Radisav akazima injini. "Wanamtafuta marehemu?"

"Wanatafuta majike. Hiyo ni harufu ya mitego yake. Wametoka kilima kizima. Nenda mialoni ukague magome. Ukikuta yamejaa majike, rudi upulize, sitakuzuia."

Nilikwenda naye, asije akadanganya. Majike walikuwepo, lakini wachache wa kukwanguliwa kwa kisu, na tuliwakwangua wenyewe.

"Pampu nairudisha bandani," alimwambia Stamenka tuliporudi. Akavua kofia. "Lakini koti hilo, shemeji. Likibaki hapa, kila mwaka litawaita. Na si kila jirani atazima injini."

Iliniuma, kwa sababu safari hii alisema kweli.

Stamenka alianza kulishusha shada. "Hilo halishushwi," Radisav akamwonya. "Unaita kifo nyumbani."

"Wa kufa kwangu ameshakufa." Akaliweka chini ya peasi, kisha akalishika koti. Nondo mmoja aliingia kwenye mkono wa koti, akatoka, akapanda kwenye kola, akaingia tena, mabawa hayatulii.

"Nami kila siku nafanya hivi hivi," akasema. "Naweka uso hapa kwenye kola. Harufu ipo. Mtu hayupo."

Alilikung'uta koti taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili, mpaka dume wa mwisho akatoka. Ndipo akalilaza juu ya shada, akaniomba kiberiti.