Mchanganyaji Asiyeonja

Shemeji yangu, mume wa dada, amesimama nyuma ya kaunta ya baa ya hoteli miaka ishirini na miwili, akichanganya pombe ya taifa, ile kali ya miwa, na ndimu, sukari na barafu. Wageni huiita kokteli. Mimi naosha glasi hatua tatu kutoka kwake, kwa hiyo usinibishie: mtu huyu alikuwa hajawahi kuonja hata tone. Harufu tu humtoa machozi.

Sasa alijuaje kama imekolea? Alimtazama mnywaji usoni. Jicho moja likifumba, mambo safi. Yakifumba yote mawili, ndimu imezidi, anaongeza sukari. Yasipofumba kabisa, mgeni kapunjwa. Na ukimcheka, ananuna kutwa nzima.

Basi akaja meneja mpya, mama asiyecheka ovyo, akatangaza kwamba anatafuta mkuu wa kaunta. Shemeji alikitaka cheo kile kufa na kupona. Nyumbani alikuwa ameshaanza kutembea kikubwa-kikubwa, mpaka dada akachoka naye. Sharti lilikuwa moja: kila mhudumu achanganye glasi yake, ainywe mbele ya meneja, kisha aeleze ladha.

Zamu yake ilifika saa tisa alasiri, baa imejaa. Akaninong'oneza, jasho likimtiririka, "Shemeji, ninywee wewe."

"Thubutu," nikamwambia. "Cheo chako, koo lako."

Akabugia yote kwa mkupuo. Nilimwonea huruma, nakiri, ingawa nilikuwa nimeng'ata kitambaa cha kufutia glasi nisije nikaangua kicheko. Macho yalifumba yote mawili, pua ikacheza. Alipopata sauti alimuuliza meneja, "Yaani hiki ndicho nilichokuwa nawapa watu?"

Hakungoja jibu. Alizunguka meza hadi meza akiomba radhi. "Nisamehe, kaka. Nisamehe, mama. Wallahi sikujua." Wateja wa miaka nenda rudi wakamhurumia sana, na kwa kumfariji kila meza ikaagiza nyingine. Niliishiwa glasi safi.

Meneja alimpa cheo palepale. Beji yake anaivaa mpaka sokoni, na dada hana la kufanya. Ila tangu siku ile, kila anapomkabidhi mteja kokteli, humshika mkono, akamtazama machoni, akamwambia kwa dhati kabisa, "Pole."