Fahali wa Marwa Mbele ya Madhabahu

Siku yangu ya kwanza ya uinjilisti, pale Susuni, niliwasomea waumini sura tatu nzima bila kupumua. Nilipofunga Biblia, nusu ya kanisa ilikuwa imelala na mzee wa kanisa anakoroma. Mchungaji wa Usharika akanivuta pembeni. "Mwinjilisti, wewe mtoto wa Kikurya hujui ng'ombe? Majani anameza asubuhi, lakini shibe yake ni kucheua. Wape mstari mmoja, wakae nao kutwa."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yangu, enyi vijana mnaotumiana mistari kwenye simu kabla hamjaisoma. Tuliiita kucheua: asubuhi mstari, jioni mnakutana, kila mtu anasema mstari umemfanyia nini. Kwenye kijiji cha Nyarero, akina mama wa sokoni walicheua vizuri mno, hasa mistari iliyowagusa waume zao.

Kisha nikahamishiwa Mbalibali. Huko Mzee Marwa na mdogo wake Chacha waliishi boma kwa boma bila kusalimiana, tangu fahali wa Marwa alipomuua fahali wa Chacha. Mama yao, Bibi Robi, alikuwa amechoka kwa uzee. "Mwalimu," aliniambia kila nilipomtembelea, "sitaki kufa kabla sijawaona wakila chungu kimoja." Iliniuma sana.

Sikukuu ya mavuno, Marwa akaleta fahali yule yule kuwa sadaka. Mstari wa siku hiyo ulikuwa ule wa Yesu: ukikumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, acha sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane naye kwanza. Marwa akasimama, akafunga fahali kwenye nguzo ya mbele, akatoka. Tukapiga makofi!

Chacha akamfukuza mlangoni kwake. "Nenda ukacheue tena!"

Nikamsihi Marwa achukue ng'ombe wake. "Thubutu! Neno limesema niache. Mpaka tupatane, atakaa hapo hapo." Nani angemfungua? Fahali akala mahindi ya sadaka, akala maua, akaanza kukitazama kitambaa cha madhabahu. Na kesho yake Mchungaji alikuwa anakuja!

Alfajiri fahali akalia kwa kiu, kijiji kizima kikasikia. Nikakimbia na ndoo, kumbe Chacha ametangulia, anamnywesha huku anafoka, "Mnyama ateseke kwa ajili ya wajinga?" Mara Marwa akaingia na mzigo wa majani.

"Makavu hayo!" Chacha akasema, kisha akaanza kulia. "Hata pole hukuniambia."

Marwa akatua mzigo. "Pole, ndugu yangu."

"Shikamoo, kaka."

Mchungaji alipofika alikanyaga samadi. "Mwinjilisti, nini hiki?"

"Mstari wa jana, Mchungaji. Umecheuliwa."

Jioni walikula chungu kimoja. Bibi Robi akawatazama, akapangusa machozi. "Na mimi je? Nilisema nataka kuwaangalia tu?"

Sasa nimestaafu, nimerudi Susuni, na bado nakula mstari mmoja kila asubuhi. Leo nimeangukia ule ule wa sadaka. Nina ugomvi na jirani juu ya mpaka wa mihogo, nami nimekaa hapa nasema nasubiri mvua ikatike. Mke wangu amechungulia nje, jua linawaka.

"Unaenda," ameuliza, "au nikufungie mbuzi sebuleni?"

Naenda.