Bembea za Kwenye Ile Picha

Leo nimemzuia mtu wa msaada mlangoni, na hadi sasa moyo haujatulia.

Mnajua mimi ni sekyuriti kwenye jengo moja hapa mtaa wa Al Nahda, huku Uarabuni. Asubuhi alikuja mama mmoja nadhifu na bango. Alitaka kulibandika kwenye lifti, wapangaji wachangie uwanja wa michezo wa watoto wa Kipalestina kwenye kambi moja ya wakimbizi.

"Umeshajengwa," akaniambia. "Tunaongeza bembea tu."

Nikaitazama picha. Bembea za njano, na juu yake turubai la kivuli lililochanika pembeni.

Jamani, mimi hula chakula cha mchana chini ya turubai hilo kila siku. Ni bustani ya ng'ambo ya barabara!

Nikamwomba kibali cha kuchangisha. Akasema, "Inshallah, kesho."

"Basi na bango liwe kesho, madam."

Akalikunja akaondoka, bila hata kubisha. Hapo ndipo nikawa na uhakika.

Kugeuka, nikamkuta Um Rania wa ghorofa ya tisa nyuma yangu. Ni Mpalestina, na dada yake yuko kambi hiyo hiyo na watoto.

Nilidhani atanishukuru.

"Picha si ya kule?" akauliza.

Nikamwonyesha ile bustani kupitia kioo.

"Jana mama huyo alikuja kwangu," akasema. "Nikawapigia simu watoto wa dada. Wametoka tangu asubuhi kuutafuta huo uwanja."

Nyinyi mngemjibu nini?