Jina la Kumficha Mdogo Wangu

Harufu ya mafuta ya cherehani hunirudisha Mahabibo, mtaa wa utoto wangu, kwa jirani yetu mshonaji, Myahudi aliyenusurika vita vya Ulaya peke yake katika familia yake. Mdogo wangu wa kike alikuwa na homa siku ya nne, hanyonyi tena.

“Kwetu mtoto mgonjwa hubadilishwa jina, mwenzangu,” mshonaji alimwambia mama kwa Kimalagasi chake cha kuvunjika. “Mwite Alte. Kwa Kiyidi, lugha yetu, ni bibi kizee. Mauti yakija kumtafuta mtoto, hayatamwona.”

Mama alimwita Alte tangu asubuhi, tasbihi mkononi. Alasiri mtoto alikata roho.

Mshonaji alitukatia sanda kwenye kitambaa cheupe cha bendera mpya za uhuru alizokuwa akishona. Nilimuuliza kama aliwahi kuwabadilisha wanawe majina hivyo.

“Wote watatu,” alisema, akaendelea kukata.